Kimea cha bei nafuu kwa bia ya nyumbani: gunia letu la shayiri kutoka Oldonyo Sambu hadi kwa mama mkwe Nkoaranga

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, sichangiagi. Ila jana kuna mdau ameuliza base malt ya bei nafuu ataipata wapi huku Arusha, nikaona huyu nikimjibu kwa mstari mmoja nitakuwa nimemnyima. Haya ni ya kwangu mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Kwa wasiojua, base malt ni kimea cha msingi. Ni nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, na ndiyo inayobeba bia nzima. Hamira unaweka kijiko, hops, yale maua ya kutia uchungu, unaweka konzi, lakini kimea ni gunia. Bei ikikushinda hapo, rudi tu dukani ukanunue chupa.

Mimi ni Mpare niliyeolewa Umeruni, tunakaa Maji ya Chai. Mume wangu, Baba Neema, amekuwa dereva wa watalii miaka mingi. Kuna mgeni alimfundisha kutengeneza bia nyumbani, na tangu hapo jiko langu si langu tena. Sufuria yangu ya shughuli kachukua. Ndoo zangu katoboa, kaweka koki. Wenzangu waume zao wana michepuko, wangu ana ndoo, kwa hiyo nashukuru Mungu.

(Na mambo ya leseni msiniletee. Hatuuzi. Tunakunywa wenyewe na majirani wanaojikaribisha.)

Sasa twende kwenye kisa.

Mama mkwe wangu anaishi Nkoaranga, peke yake tangu baba mkwe afariki. Pombe yake ya ndizi na ulezi huko mlimani hakuna asiyeijua. Kila Krismasi watoto wake wanapanda kutoka kila walipo, wakitoka ibadani wanakaa uani kwake na kunywa pombe ya mama.

Mashemeji zangu hawapatani, niwe mkweli. Kuna mambo ya shamba, kuna maneno ya zamani. Lakini ile siku moja wanakaa benchi moja, na ikifika jioni wanaitana majina ya utotoni.

Mwaka jana mama akatuambia hapiki tena. Mikono imechoka, pipa halinyanyuki. Alisema taratibu tu, kama anayeongelea hali ya hewa. "Mje mnisalimie, halafu kila mtu aende kwake."

Haikupita muda simu zikaanza. Mmoja Krismasi atakula hotelini na familia yake. Mwingine anabaki Dar, nauli imepanda. Nikaona kabisa ile nyumba inafungwa na mwenyewe bado yupo hai ndani yake. Iliniuma, na mimi hata si mtoto wa pale.

Tulipokwenda kumwona tulimkuta kitandani mchana kweupe. Haumwi, kalala tu. Baba Neema aliporudi nyumbani, siku kadhaa hakugusa ndoo. Halafu akasema, "Nitapika mimi. Ya ukoo mzima." Akawaandikia ndugu zake kwamba Krismasi pombe ipo, njooni. Nilimpenda upya siku ile.

Tatizo likabaki kimea. Alikuwa anatumia cha kutoka nje, kidogo kidogo. Kwa kiasi cha ukoo mzima, alipouliza bei alirudi akakaa kwenye ngazi akaomba maji ya kunywa.

Jaribio la kwanza tulinunua shayiri kwenye duka la vyakula vya mifugo. Tukailoweka, tukaifunika, tukasubiri. Ilivimba, ikanuka, haikuota hata kwa dawa. Wakuu, shayiri ya mifugo mara nyingi imekaa sana ghalani, punje imeshakufa. Ng'ombe hana shida na hilo, ila ukitaka kimea lazima punje iwe hai. Kabla hujanunua gunia, omba konzi moja, ifunge kwenye kitambaa kibichi, uone kama inatoa vichipukizi. Isipotoa, muage mwenye duka kwa adabu.

Ndipo Baba Neema akamkumbuka mkulima mmoja anayefahamiana naye Oldonyo Sambu, huko shayiri wanalima. Tukaijaribu kwenye kitambaa, karibu yote ikaota. Na bei yake, ukiiweka pembeni ya kimea cha nje, unaweza kucheka peke yako barabarani.

Tukanunua gunia zima, tukaipandisha shayiri Nkoaranga kuioteshea kule kwa mama. Baba Neema alisema kule kuna baridi nzuri, kimea hakichachi. Mimi nilijua sababu nyingine lakini nikamwachia na baridi yake.

Siku ya kwanza mama hakutoka hata kuangalia. Siku ya pili akauliza kutoka ndani, "Mnamwaga maji ya nini huko?" Shayiri ilipoanza kutoa mizizi, akatoka na fimbo yake, akainama juu ya turubai, akachota akanusa.

Hapa wapishi wa bia mnisikilize. Shayiri haitaki kuachwa iote sana. Kile kichipukizi kinatembea ndani ya punje, na kikikaribia urefu wa punje yenyewe unaikausha haraka. Ukichelewa kinakula wanga wote na wewe unabaki na makapi. Baba Neema hilo analijua kama jina lake. Alikuwa ameshatandika mikeka juani.

Mama akasema, "Rudisha hiyo mikeka. Hiki bado kichanga."

Kwa ulezi yuko sahihi kabisa. Ulezi wao wanauacha mpaka mizizi ishikane, unauinua kipande kizima. Baba Neema akajaribu kwa upole. "Mama, lakini hii ni shayiri."

"Na mimi ni nani?" mama akamuuliza. "Pombe nimeipika kabla hujaota meno."

Wakuu, mwanaume wa Kimeru hambishii mama yake kwenye pombe. Anaweza kumbishia mchungaji, pombe hapana. Mtu mzima na mvi zake akasema, "Sawa, mama," akakunja mikeka. Mama akamwelekeza majani ya migomba ya kukata, akasimamia yeye mwenyewe mpaka shayiri yote ikafunikwa.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia mume wangu, wewe unajua kabisa ile inaharibika.

Akasema, "Najua. Lakini umeona alivyosimama?"

Nilimshika mkono tu.

Basi ikaharibika kweli. Vichipukizi vilitoka nje virefu kama vya choroko. Tukaikausha, tukaisugua mizizi ikatoka, tukaiparaza. Tulipojaribu kuiloweka kwa maji ya moto kwenye sufuria moja ndogo, maji yake yalikuwa na utamu hafifu, wa chai ya mgonjwa, na pasipo sukari hakuna pombe. Krismasi inakuja, ndugu wameshakata tiketi, na gunia lingine lisingewahi kuota na kukauka. Baba Neema alikuwa amekaa anaiangalia ile sufuria, na hawezi kumwambia mama kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Nikaingia mimi, maana mkamwana ana uhuru wake. "Mama, shikamoo tena. Hivi una kimea cha ulezi kilichobaki?"

Kilikuwepo, juu darini, alikiotesha mwenyewe kabla mikono haijamshinda. Akasema hicho alikuwa anakiweka tu, hana anachokiwekea. Kisha akanionyesha ngazi ilipo.

Kitaalamu ilikubali. Shayiri iliyoota kupita kiasi inapoteza wanga, lakini ile nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari inabaki nayo. Ulezi ukaleta wanga, shayiri ikaleta nguvu. Maji yalipotoka matamu, Baba Neema aliniangalia kama siku ya harusi. Tulipika pale pale uani, mama kwenye kigoda akitoa amri kwa Kimeru, mimi nikielewa nusu na kutii zote.

Krismasi walikuja wote. Hata yule wa hotelini.

Ile kitu haikuwa bia na haikuwa pombe ya ndizi. Ilikuwa na rangi ya udongo, uchachu kidogo, na uchungu wa hops nyuma. Shemeji mkubwa akainusa akauliza, "Hii ni nini?" Wote tukamwangalia mama na kata yake mkononi.

Akanywa. Akasema, "Chungu." Halafu akainyoosha kata iongezwe.

"Hayo maua yako machungu, mwakani upunguze," akamwambia mwanawe. "Na ulezi tuanze kuotesha mapema, mimi na wewe."

Mwakani, wakuu. Mtu aliyetuambia kila mmoja aende kwake. Baba Neema alizunguka nyuma ya nyumba, aliporudi macho mekundu akasema ni moshi, na sote tukakubali kuwa ni moshi.

Kwa aliyeuliza: nunua shayiri kwa mkulima, ijaribu kwenye kitambaa, otesha mwenyewe, kausha mapema. Ukikosea, tia kimea cha ulezi, kipo masoko yote ya huku. Hicho ndicho kimea cha bei nafuu ninachokijua.

Wenye njia nyingine leteni, hasa waliojaribu mtama au ngano, na wanaopika na wazee wao mtuambie mnabishanaje nao. Shayiri ya mwaka huu imeshaingia kwenye maji kule Nkoaranga. Baba Neema amepanga safari hii aikaushe mapema, mama ana mpango wake. Mimi namwomba Mungu amzidishie mama nguvu za kutuharibia na hii.