Mkalimani Aliyeitikia kwa Kichwa

Severin Komba alifundisha Kiswahili miaka kumi na mmoja katika sekondari moja ya Songea kabla hajahamia mji wa Arlington, Texas, na mkewe, Avelina. Alikuwa na sikio kali kwa makosa. Mtu akisema "nyumba mzuri" mbele yake, hata msibani, alimsahihisha. Watanzania wenzake wa Arlington walimtania kwa hilo, naye alipenda kutaniwa.

Kazi aliyoipata ilimfaa: ukalimani wa hospitali. Miaka ya mwanzo aliendesha gari hadi hospitali za Fort Worth na Dallas, akaketi kando ya kitanda na kuwa mdomo wa mgonjwa kwa daktari na mdomo wa daktari kwa mgonjwa. Mgonjwa akikunja uso, alimwona. Akiacha sentensi katikati, alimngoja.

Kisha hospitali zikabadili utaratibu. Mkalimani wa kufika mwenyewe alikuwa ghali na alichelewa barabarani. Siku hizi nesi husukuma hadi kitandani kishikwambi kilichofungwa kwenye mlingoti wa magurudumu, anabonyeza, na mkalimani anatokea kwenye kioo. Severin akawa anafanya kazi chumbani kwake, shati la kola juu na kaptula chini, akihudumia hospitali za Texas nzima. Kampuni iliyomwajiri ilipima urefu wa kila simu. Aliyemaliza haraka alipata alama nzuri, na Severin alikuwa miongoni mwa wenye alama nzuri.

Machi mwaka jana aliunganishwa na kliniki moja ya Houston. Kwenye kioo alikuwepo mama wa miaka sitini na kitu, Mama Généreuse, aliyetoka Bukavu, Kongo. Magoti yalimuuma.

"Shikamoo, mama," Severin alisema.

"Jambo sana," mama akajibu.

Severin alitabasamu kidogo. Wakongomani na Kiswahili chao, aliwaza.

Daktari alikuwa na haraka. Alitaka kumwandikia vidonge vikali vya maumivu, na kabla ya hapo akauliza kama mama ana tatizo lolote la figo. Severin akaligeuza swali kwa Kiswahili safi.

"Figo balishanitosha moja," mama akasema. "Ile ingine iko muzuri tu."

Severin hakuelewa sehemu ya kwanza. Maneno aliyasikia vizuri, mtandao haukuwa na kasoro, lakini "balishanitosha" haikumwingia. Zinamtosha? Moja inatosha? Mkalimani asipoelewa, kanuni inamtaka amwambie daktari na kuomba mgonjwa arudie. Lakini amwambie daktari wa Kizungu kwamba yeye, mwalimu wa Kiswahili, hakuelewa Kiswahili? Mama alikuwa akimtazama, anangoja. Severin akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa.

"Figo zangu ziko vizuri," akasema kwa Kiingereza, kwa niaba ya mama.

Daktari akaandika. Simu ikaisha.

Mwishoni mwa Mei, saa nne asubuhi, aliunganishwa na hospitali nyingine ya Houston. Mgonjwa alikuwa amevimba uso na miguu. Pembeni yake alisimama mwanawe, mtu mzima aitwaye Vital, amevaa sare ya ghala. Severin hakumtambua mama yule mpaka alipojibu salamu.

"Jambo sana," alisema, kwa sauti ndogo.

Daktari huyu alikuwa mtu mzima, mpole. Alisema picha inaonyesha figo moja tu, nayo imechoka sana kwa sababu ya vidonge alivyomeza miezi miwili. Mtu mwenye figo moja hakupaswa kupewa dawa ile. "Lakini kwenye kumbukumbu zake imeandikwa figo ziko vizuri," akasema. "Hakuna aliyemuuliza?"

Severin akatafsiri. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Baliniuliza," Mama Généreuse akasema. "Nikasema figo balishanitosha moja. Nilimwambia ule mutu wa ku kioo."

Vital akamsaidia daktari kwa Kiingereza: "Walimtoa figo moja Bukavu, zamani."

Basi kutosha ni kutoa. Severin alihisi masikio yanawaka. Sasa ilikuwa zamu yake kuyasema maneno ya mama, na mkalimani husema "mimi" mahali pa mgonjwa.

"Waliniuliza," akasema kwa Kiingereza. "Niliwaambia kwamba nimetolewa figo moja."

Akaishia hapo. Yule mtu wa kwenye kioo hakumtaja.

Vital akainua kichwa. "Hujamaliza," akamwambia Severin, bila kupandisha sauti. "Mama amesema alimwambia mkalimani."

Daktari akakitazama kishikwambi. Hakuna aliyejua kuwa mkalimani wa Machi na huyu ni mtu mmoja, hata mama mwenyewe, ambaye macho yake yalikuwa yamefumbwa na uvimbe. Severin angeweza kuomba radhi kwa kuruka neno, akaendelea.

"Mkalimani anasema kwa niaba yake mwenyewe," alisema. Ndivyo kanuni inavyotaka. "Mkalimani wa siku ile ni mimi. Sikuelewa, na sikuuliza. Na sasa hivi nimeacha maneno yake makusudi."

Kisha akamgeukia mama, akamwambia yaleyale kwa Kiswahili. Kiswahili chake hakikuwa na ufasaha wowote.

Mama Généreuse alifungua macho kwa shida, akamtafuta kwenye kioo.

"Uliitika na kichwa," akasema. "Nikazani umesikia. Juu ya nini haukuniuliza?"

Vital alimwomba daktari mkalimani mwingine, na daktari akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Aliandika ripoti siku hiyohiyo. Jeptoo, msimamizi wake, Mkenya aliyeishi Plano, alimpigia kesho yake.

"Mwalimu, nimesoma report yako mara mbili," alisema. "Hata ile ya kuacha maneno umeandika."

"Nimeandika."

"Nitaku-suspend, unajua?"

"Najua."

Avelina hakuambiwa kwa siku nne. Severin aliingia chumbani kila asubuhi na shati lake la kola, akafunga mlango, akakaa. Siku ya tano mkewe, ambaye huhudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo kule Mansfield, alirudi mapema na kumkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Akamweleza.

"Hukuelewa ukasema umeelewa," Avelina alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nesi akinipa maelekezo nisiyoyaelewa namuuliza hata mara tatu. Wananiona mjinga." Akavua viatu.

Hospitali ilijibu kampuni mwezi wa saba. Mama Généreuse alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, hakuhitaji mashine ya kusafisha damu, lakini figo ile haitarudia hali yake ya zamani. Severin alikatazwa kumtafuta, kwani habari za mgonjwa ni siri. Aliandika barua ya kuomba radhi, akampa Jeptoo aipitishe hospitalini. Alijaribu kuiandika kwa Kiswahili cha Bukavu, akaona anamfanyia mzaha mama wa watu, akaichana na kuandika kwa lugha yake. Hakupata jibu.

Alirudishwa kazini Oktoba, baada ya kuhudhuria mafunzo. Sasa anauliza. Anauliza hata anapodhani ameelewa, na kila mara uso unamwaka, kwa sababu madaktari wanatazama saa na wagonjwa wengine wanacheka kwamba Mtanzania hajui Kiswahili. Simu zake zimekuwa ndefu. Januari Jeptoo alimwandikia kumwonya kwamba alama zake zimeshuka kuliko za wote. Severin aliisoma barua pepe ile, akajibu kwa kifupi kuwa ameiona.