Fremu ya Bendera Haikai Mahali Pamoja

Kwa asubuhi ya tatu mfululizo, jirani yangu Guatlan alinigongea mlango huku anatweta.

"Njoo tuhamishe fremu. Kitabu cha siku za heri na nuksi kinasema leo roho ya mtoto iko jikoni."

"Si jana ulisema iko mlangoni?"

"Jana ilikuwa mlangoni! Kwani imepigiliwa misumari? Shika huko, mwenzangu."

Mgongo wangu una miaka sitini na nane, na fremu ile ya kutandia kitambaa cha kudarizi ni ndefu kuliko kitanda. Nikashika, nikinung'unika. Huku kwetu Tainan, kusini mwa Taiwan, mwanamke akiwa na mimba, roho ya mtoto huzunguka nyumbani, leo hapa kesho pale, na ukichoma sindano ilipokaa umemchoma mtoto mwenyewe. Na kazi ya Guatlan ni sindano tu. Miaka arobaini anadarizi mapazia ya mahekalu.

Safari hii alikuwa na bendera. Makumbusho ya mtaa yalitaka nakala ya ile yenye chui milia wa manjano, ya jamhuri iliyotangazwa hapa kisiwani mwaka 1895, Wajapani wakiwa njiani kuja kututwaa. Jamhuri yenyewe haikufikisha hata miezi sita. Bendera ilitakiwa Ijumaa, na Jumatano chui hakuwa na mkia.

Angemaliza vipi? Anashona mishono kumi, anainuka kumchungulia mkwewe Shuhui, anarudi, anafumua mitano. "Umekula? Tumbo linavuta? Usinyanyue mikono!" Binti wa watu hapumui. Mimba ya kwanza ilimharibikia ikiwa na miezi mitano, na hii ameihangaikia miaka minne.

Alhamisi roho ilihamia uani, mahali pekee palipobaki pa kuweka fremu. Nikachoka. Nikasogeza televisheni yangu, fremu ikaingia sebuleni kwangu. Mchana Shuhui akaja na uji wa samaki, akauona ule mkia haujaanzwa, akaketi akachukua sindano.

"Lete nikusaidie, Mama. Kesho ndiyo Ijumaa."

"Weka chini!" Guatlan alipiga kelele mpaka uji ukamwagika kwenye zulia langu. "Weka chini! Yule wa kwanza nilimuua mimi, sitaki kuua wa pili!"

"Unasema nini, Mama?"

"Chumbani kwangu kulikuwa kunavuja. Nikaenda kudarizi joho la hekalu juu ya kitanda chako, na kitabu kilisema roho iko palepale. Nikasema siku moja haina neno. Kesho yake ukapelekwa hospitali."

Shuhui akaiweka sindano chini. "Siku gani?"

"Jumapili. Nitaisahau?"

"Mama, daktari alinipima Alhamisi, siku tatu kabla. Moyo wa mtoto ulikuwa umeshasimama. Nilirudi nikanyamaza. Wewe ulikuwa na haraka ya lile joho, nami niliogopa utaniona mkwe asiyefaa."

"Alhamisi?"

"Alhamisi, Mama."

"Miaka minne!" Guatlan akampiga kofi la begani. "Miaka minne silali, mjinga wewe, na ulikuwa unajua!"

"Sikujua kama unajilaumu."

Nilidhani ataendelea kufoka, namjua ulimi wake. Akaketi chini, palepale kwenye uji.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" akauliza. "Sijathubutu kuuliza."

"Wa kike, Mama," Shuhui akasema, akashuka akaketi naye.