Kila Aliyefuzu Aliondoka

Watu wa Mkuyuni wakisikia nina ndugu daktari walidhani nakunywa chai ya sukari kila siku. Sukari ipi? Miaka ile hata kipande cha sabuni tulikipangia foleni, na dada yangu Yustina, daktari wa macho pale Morogoro mjini, ndiye aliyeniomba mimi nimteremshie ndizi na maharage kutoka mlimani. Mama yake na mama yangu walizaliwa tumbo moja. Kwetu huyo ni dada, na anayetaka kumwita binamu akamwite kwao.

Kazi yake ilikuwa kope. Usicheke. Ukoma ukiharibu mishipa ya fahamu ya uso, kope hazifumbi tena. Mtu analala macho wazi, jicho linakauka, linafanya kidonda, mwisho linapofuka. Mpasuaji mmoja mgeni alimfundisha Yustina kuchukua kipande cha msuli wa kutafunia, huu ulio kati ya jicho na sikio, na kukipitisha mpaka kwenye kope. Kikishika, mgonjwa akiuma meno, jicho linafumba. Ndiyo maana wodini kwake kila mtu alikuwa anatafuna, huyu muwa, yule hindi la kuchoma, naye anapita katikati akifoka, "Tafuna, Baba! Jicho halitajifumba lenyewe!"

Mgeni akaenda zake. Yustina akabaki peke yake mwenye ujuzi ule, na wakubwa wakaanza kumletea madaktari awafundishe. Yeye alifurahi, kwa sababu mama yake, mama mkubwa Regina, alikuwa anazeeka huko Matombo bila binti mwingine. Alikuwa amemwomba Mganga Mkuu, Daktari Bartholomeo, ahamishiwe zahanati ya kule, akajibiwa, "Ndugu Yustina, mpate wa kukushikia kisu, uondoke hata kesho."

Maneno matamu hayo. Akamfundisha Leonard, alipofuzu tu akapelekwa Lindi. Akamfundisha Hidaya, binti mwenye mikono myepesi, akapelekwa Tabora. Anselmi wa Msumbiji alirudi kwao, na nani angemlaumu, maana nchi yake ilikuwa imetoka vitani na haina madaktari. Huko kote walikuwapo watu wanaolala macho wazi, hilo nalijua. Nilikasirika hivyo hivyo. Dada yangu aligeuzwa kinu: kila mtu anatwanga, anazoa unga wake, anakwenda.

Mama mkubwa alifariki Yustina akiwa chumba cha upasuaji. Baada ya matanga mjomba wetu Mwinshehe, mkubwa wa lukolo, yaani ukoo wetu wa upande wa mama, alimketisha Yustina wazungumze. Kwa Waluguru shamba la mama humfuata binti, lakini binti lazima awashe moto pale na ashike jembe.

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "kijiji kinatafuta ardhi ya shamba la ujamaa. Hili la mama yako likipita vuli bila jembe litaitwa pori. Njoo ulime. Usipokuja nitaweka mwingine wa tumbo letu, na nikishaweka siondoi."

Wakati huo Yustina alikuwa anamfundisha Fransisko, kijana wa Mgeta. Daktari Bartholomeo alikubali kumpa Yustina likizo ya vuli, maadamu yupo mwanafunzi wa kuangalia wodi. Mwanafunzi hahamishwi. Kwa hiyo dada yangu alikata shauri kwamba Fransisko, ambaye mikono yake ilikwishakomaa, ataendelea kuitwa mwanafunzi mpaka mbegu ziwe ardhini. Fransisko mwenyewe aliliunga mkono jambo hilo. Mkewe alikuwa mjamzito na hakutaka kuhama.

Mimi niliteremka kumchukua dada. Jembe lake nilikuwa nimelitia mpini mpya. Nilimkuta wodini, sanduku limefungwa, anatoa maagizo ya mwisho. Mara akaingia Daktari Bartholomeo na mgeni kutoka makao makuu, anayetafuta daktari wa kope wa kupeleka Sumbawanga.

"Huyu kijana amefuzu?" akauliza Daktari Bartholomeo.

"Bado kidogo, Daktari," akasema Yustina.

Kitanda cha pili alikuwapo Mzee Paulo, mzee wa Turiani, na kipande cha muwa mkononi. Akaruka kama amechomwa mwiba. "Bado nini, mwanangu? Huyu ndiye kanishona! Nilikuwa nalala macho wazi kama samaki. Tazameni!" Akauma muwa, macho yakafumba. Akaachia, yakafumbua. Akauma tena. Wodi nzima ikacheka na kupiga makofi, na yule mgeni naye akapiga. Mungu anisamehe, nilitamani muwa ule umkwame kooni.

"Ndugu Yustina," Daktari Bartholomeo akasema taratibu, "nakuuliza tena. Amefuzu?"

Fransisko akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni, namkonyeza dada, namtikisia kichwa, nusura nipige kelele. Mzee Paulo bado alikuwa anatafuna, anafumba na kufumbua, meno yote nje kwa furaha.

"Amefuzu," akasema dada yangu.

Fransisko alikwenda Sumbawanga na mkewe na tumbo lake. Likizo ilifutwa; wodi isingeachwa tupu. Mjomba Mwinshehe alingoja mvua ya kwanza, akangoja na ya pili, kisha akamweka mwingine. Aliniweka mimi. Sikuomba, wala mjomba haombwi, akisema amesema.

Maharage yalipokomaa nilimpelekea. Nilimkuta na mwanafunzi mpya, kichwa cha mbuzi mezani, anamwonyesha pa kupitisha sindano. Tulitoka barazani, na hasira yangu ikanitangulia.

"Neno moja tu, dada! Ungesema bado, ungepungukiwa nini?"

"Mzee wa watu anafumba macho mbele yangu, Angelina. Nimwambie hafumbi?"

Nikatua kikapu kwa kishindo. Akatia mkono kikapuni, akachota maharage, akayaangalia.

"Ya pale juu, kwa mama?"

"Ya pale pale."

Akalia. Alilia kwa sauti, amesimama, maharage mkononi, na wagonjwa wakachungulia dirishani wakimtazama daktari wao. Nilimshika bega. Kisha mwanafunzi akaita kutoka ndani, "Mwalimu, nimemaliza kushona, njoo uone," naye akajifuta uso kwa kiwiko, akaingia.

Nikamwachia maharage yake, nikajitwisha kikapu kitupu, nikashika njia ya mlimani. Palizi ilikuwa inaningoja shambani kwake.