Daktari wa Alama ya Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini kama mkunga, Mganga Mkuu wa hospitali yetu ndogo, upande wa Kahama, alinikabidhi kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akasema, "Binti, mapigo ya moyo yakipungua usikae kuniandikia. Njoo uniburute." Mikono yake ilikuwa na baraka. Uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, alipasua, na mama na mwana wakatoka wazima.

Kisha siasa ikamwingia. Enzi hizo za chama kimoja walishindana wagombea wawili wa ubunge, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Yeye kila mara aliangukiwa na nyumba, na mkulima gani wa pamba angeliacha jembe? Majukwaani aliwasema wakubwa wanaokula jasho la mkulima, watu wakacheka, wakapiga vigelegele, wakachagua jembe. Alirudi wodini amenuna, uchaguzi uliofuata akagombea tena. Nami nilichagua jembe kila mara, ili arudi.

Kampeni moja, mama mmoja aliletwa kutoka Kagongwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, mtoto amekwama. Nilimtuma mhudumu kwa baiskeli mpaka mkutanoni. Akarudi peke yake: Daktari anamalizia hotuba. Yule mama alinifia mikononi, mtoto wake bado tumboni.

Daktari alikuja msibani. Nilidhani kaja kuomba radhi, kumbe mwenzangu kaja na hotuba.

"Ndugu zangu, mpaka lini mama zetu watakufa kwa kukosa daktari? Nipeni kura niwaletee daktari."

Watu walipiga makofi, msibani! Hata mume wa marehemu alipiga. Nikamwendea mbele yao.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mayu," akaniitikia; mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Huyo daktari wa kuletwa si ndiye wewe?"

Alinijibu kwamba siasa siielewi. Haukupita muda nikapewa uhamisho wa Geita, na huko ndiko nilikofanya kazi hadi kustaafu.

Sasa nakaa Kalangalala, hapa hapa Geita. Wauguzi vijana huniuliza kama nilimsamehe. Sikumsamehe. Aligombea mpaka akazeeka, na nasikia hulalamika kwamba wananchi hawana shukrani. Kabla ya kuhama Kahama nilipiga kura mara ya mwisho katika uchaguzi wake. Nilichagua jembe kama kawaida, ila safari hiyo sikutaka arudi wodini. Nilitaka ashindwe tu.