Okei ya Mkwe Mtarajiwa

Bwana Athman, mwashi wa Mkomani, mbali na Mombasa, alikuwa na binti mmoja, Umulkheir. Kama desturi ya mji, alimjengea ghorofa juu ya nyumba yake: binti aolewe akae papo hapo, mume ndiye ahamie. Mgongo wake uliishia kwenye ghorofa ile. Basi Obeid alipokuja kuposa, mzee aliuliza moja tu: "Hutampeleka Mombasa?"

"Okei," akajibu Obeid.

Kijana alifanya kazi bandarini Mombasa, akarudi na soksi nyeupe na neno hilo. Mama yako hajambo? Okei. Mvua itanyesha? Okei. Bwana wee, mbuzi anakula kofia yako! Okei. Athman alimmeza kama dawa ya minyoo.

Siku ya nikaha msikiti ulifurika. Athman akamshika mkono, akatamka maneno ya kumwozesha, akangoja jibu.

"Okei," akasema Obeid.

Mtu nyuma akacheka, akajidai anakohoa. Mwalimu Abdulghafur, mwozeshaji, akavua miwani.

"Hilo ndilo nini?"

"Kukubali, mwalimu."

"Kukubali tu?"

"Aa, lina kazi nyingi. Ukiwa mzima, okei. Ukitaka mtu anyamaze, okei. Bosi akikufokea, okei, ajue umesikia."

"Hata kama hutafanya?"

"Hasa kama hutafanya!" Obeid akacheka, peke yake.

Athman akambana vidole. "Na ile ya Mombasa uliyonipa mimi, ilikuwa okei gani?"

Obeid akatazama soksi. "Ya bosi, baba. Chumba nishakodi."

"Basi kakioe hicho chumba!"

Akamtupa mkono, akatoka. Nduguye Husseini akapiga kelele: "Athman, watu wana njaa!"

"Nawale halua!"

Nyumbani akamkuta Umulkheir amekaa, hina mikononi, akamwambia yote kwa ghadhabu. Binti akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mimi ndimi niliyemwambia akodi."

"Wewe!"

"Ulimuuliza yeye. Mimi hukuniuliza."

Athman akainua macho kwenye dari aliyoibeba jiwe kwa jiwe. Kisha akarudi msikitini mbio, pindo la kanzu mkononi. Wageni walikuwa wameshaanza halua. Akamnyakua Obeid mkono unaonata vile vile, akayarudia maneno yake yote kwa meno yaliyobanana.

"Sasa jibu kama mtu!"

"Nimekubali nikaha yake," Obeid akajibu haraka.

Athman akaketi, akaomba halua iliyobaki. Ilikuwa imekwisha.