Wacha Kwanza

Wimbo wetu mrefu kuliko zote unaisha kabla hujamaliza kumenya kitunguu. Nasema mapema ili mtu asinilaumu baadaye. Bendi yetu hupiga panki, tena ile kali iitwayo hadikoo: gitaa linakimbia kana kwamba limeiba, ngoma zinalifukuza, na mimi niko katikati nikipiga mayowe kuhusu maji ya mfereji, wenye nyumba na foleni ya choo. Tulianza Kibera tukiwa tumetoka shule na hatuna kazi. Leo nina mvi na bado tupo. Wale waliotucheka wakipiga nyimbo laini za mapenzi, wengine wameokoka na wengine wanauza kava za simu. Redioni hatujawahi kuchezwa, na sitajifanya kwamba hainiumi. Inaniuma, hasa nikisikia wanachocheza.

Mpiga gitaa na mpiga besi ni ndugu wa tumbo moja ambao hawasemezani ila jukwaani. Mpiga ngoma ni Mkamba, watu wake ni wa Kitui, fundi wa kila kitu chenye waya au bati. Ana kibanda chake Kibera ambamo pasi, redio na majiko ya watu hulala vikisubiri huruma yake. Ukimwuliza kitu kitakuwa tayari lini, hukuambia kesho, na husema hivyo kwa uso wa mtu mwaminifu kabisa.

Halafu kuna mama. Mama anauza samaki wa kukaanga Soweto East, chini ya zile nyumba za ghorofa za serikali. Ameokoka zamani, na kanisani yuko katika kikundi cha akina mama. Hakunikataza kuimba, ila hakuwahi kuja kunisikiliza hata mara moja. Nilipomwalika alijifuta mikono kwenye aproni na kuniambia, "Ngoma za dunia niliacha, nyathina, mtoto wangu. Lakini wewe enda tu, usichelewe kurudi." Alikuwa akiniambia nisichelewe kurudi hata nilipokuwa na nyumba yangu na watoto wangu.

Tatizo ni kwamba wenzake kanisani walitaka kujua binti yake anafanya kazi gani. Mama akawajibu, "Yuko kwa mambo ya spika." Si uongo kabisa. Wenzake wakaelewa walivyoelewa, na haikuchukua muda redio ya kwanza ikafika mlangoni kwangu, imefungwa kwa leso, ikiwa na salamu za shemasi. Ningefanya nini? Nilimpelekea mpiga ngoma, akaitengeneza, akalipwa samaki. Redio ikaita redio. Nikawa fundi maarufu ambaye hajui kushika bisibisi. Nilikuwa nikipita sokoni nasimamishwa na watu wazima wakiniuliza kuhusu betri, nami nawajibu kwa utaratibu, "Wacha ikae juani kwanza."

Tulicheka sana na mpiga ngoma kuhusu jambo hilo, lakini nikibaki peke yangu halikunichekesha. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama: aje mara moja, asimame nyuma kabisa karibu na mlango akitaka, aone mwanawe anafanya nini hasa. Na aseme hivyo kwa watu.

Sasa nieleze jinsi tulivyopata umaarufu wetu, maana ulitoka kwa mjomba. Mjomba, kaka yake mama, alistaafu kazi ya ulinzi akafanya sherehe hapo Kibera. Alikuwa ameagiza kikundi cha ohangla, ngoma yetu sisi Wajaluo, kije kuchezesha watu wa ziwa vilivyo. Kikundi hakikutokea. Chakula kiko tayari, wageni wamekaa, na muziki hakuna. Mjomba akanitazama.

"Si nyinyi muko na ngoma? Pigeni."

"Mjomba, yetu ni ingine."

"Ngoma ni ngoma. Pigeni!"

Tukaleta vyombo, tukapiga. Wimbo wa kwanza uliisha kabla wageni hawajainuka vitini. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mitambo iko sawa. Haya, sasa anzeni."

Tukaanza wa pili. Nilikuwa katikati ya mayowe nilipomwona ameinua mkono juu. "Wacha kwanza!" Tukanyamaza, tukidhani kuna mtu ameanguka. Kumbe alikuwa anafanya vile watu wa kwetu hufanya muziki unapowakolea: unausimamisha, unaweka kitu kidogo mbele ya wapigaji, halafu unajisifu mpaka utosheke. Huitwa pakruok. Na mjomba hakuona haya.

"Mimi ndiye mlinzi aliyelala macho wazi! Mwizi akipita kwangu lazima abishe hodi! Mimi ndiye kijana wa nyumba inayokula kichwa cha samaki na mkia wake! Haya, endelea!"

Tukarudi palepale tulipoachia, kwa kishindo, na ukumbi ukachachawa. Nimepiga muziki sana maishani lakini sijawahi kuona wazee wakigongana mabega namna ile. Tangu hapo kila mtu alitaka zamu yake. Mama alikuwa jikoni na sufuria zake. Alitoa kichwa mlangoni, akatazama kidogo, akarudi ndani. Mjomba akaniinamia sikioni.

"Unaona mama yako? Kabla aokoke, akiinua mkono hata wanaume walikuwa wanakaa chini. Wapigaji walikuwa wanamwogopa. Akianza, huyo hamalizi."

Sikumwamini. Mama ninayemjua mimi hata akikohoa huomba radhi.

Kutoka siku hiyo hatukupiga shoo bila watu kusimamisha nyimbo. Hatukuwa na mpango wowote, ni watu tu walikataa kuacha. Aliyeinua mkono akasema "Wacha kwanza" alipewa nafasi, aweke chochote alichokuja nacho, ajisifu, twendelee. Tumewekewa mafungu ya sukuma wiki, soda, nyanya, na kuku mmoja mzima ambaye ndugu mpiga besi alikataa katakata achinjwe. Kuku yule amezeeka nasi.

Vijana wa Gatina, kule Kawangware, walikuja kutuona, wakarudi kwao wakaunda bendi zao. Bendi zikazaa bendi. Na kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuwaonyesha hadikoo, walidhani "Wacha kwanza" ni sehemu ya hadikoo yenyewe, kama gitaa. Bendi moja ya Wazungu ilipita Nairobi ikapiga huko Gatina. Katikati ya wimbo muuza mahindi akainua mkono akapaza sauti, na mwimbaji wao akainua yote miwili akadhani ni msako. Muuza mahindi akajisifu kwa raha zake, akaweka hindi la kuchoma juu ya viatu vya mgeni. Vijana wa Gatina walisikitika sana. Walisema wale Wazungu hawakufunzwa vizuri.

Wakati mmoja nilijaribu kupunguza mambo hayo kwa sababu ukumbi ulikuwa wa kukodi na saa zilikuwa zinakwisha. Msichana mmoja wa Gatina, mwimbaji wa bendi kali kuliko yetu, akanifuata nyuma ya jukwaa amekunja uso.

"Mathe, sasa hiyo si hadikoo. Mnatubeba ufala, mnatuona wajinga."

"Nani alikuambia ni lazima watu wasimamishe wimbo?"

"Zii, hiyo ni rule, iko dunia mzima. Kwani hujui?"

Nilimtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma akatazama dari. Tukaomba msamaha.

Msichana huyohuyo na wenzake ndio waliotufanyia sherehe Gatina, Jumamosi mchana, kutushukuru kwa kutokufa. Na Ijumaa yake spika yetu ikaungua. Tulikuwa tumesimama kibandani kwa mpiga ngoma tukinusa moshi wake, nikaona kwenye kona spika nyingine, kubwa, nyeusi, imeandikwa kwa rangi nyeupe YESU ANAWEZA. Ilikuwa ya kanisa la mama. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa ameileta kwangu mimi, fundi maarufu, nami nikaileta hapo. Ilikuwa imeshapona na ilitakiwa kurudi Jumapili asubuhi.

"Fundi mzuri lazima ajaribu kazi yake," mpiga ngoma akasema.

"Aijaribu na nini?"

"Na sisi."

Ikaenda Gatina kwa bodaboda, imefunikwa leso.

Hatukujua kwamba mwenyekiti alikuwa ameitisha mazoezi ya kwaya Jumamosi hiyohiyo. Alikwenda kwa mama kuulizia spika. Mama alikuwa anafungasha samaki wa mteja, akaja nao mkononi, wakaenda pamoja mpaka kibandani, na jirani mwenye mdomo mwepesi akawaelekeza Gatina. Kwa hiyo nilikuwa katikati ya wimbo wa foleni ya choo, ukumbi umejaa vijana wakigongana, YESU ANAWEZA ikitetemeka mgongoni kwangu, nilipowaona wawili hao mlangoni wamevaa vitambaa vyao vya kanisa.

Nilitamani sakafu inimeze. Mwenyekiti alitazama spika, akanitazama mimi, akamgeukia mama na kumwuliza kitu. Sikusikia lakini nilijua ni swali gani. Heshima yote aliyojijengea mama pale kanisani ilikuwa imesimama mlangoni na yeye, ikisubiri jibu, na mimi ndiye niliyemtia aibuni. Angeweza kusema hanifahamu. Nisingemlaumu.

"Wacha kwanza!"

Sauti hiyo ilipasua ngoma, gitaa na spika ya kanisa kwa pamoja. Nilidhani ni mwenyekiti anataka mali yake. Lakini mkono uliokuwa juu ulikuwa wa mama.

Vijana wakafungua njia, maana kwao sheria ni sheria. Mama akaja mbele polepole, akaweka samaki juu ya spika, akarekebisha kitambaa chake. Kisha akafungua kinywa, na nikamtambua yule mwanamke ambaye mjomba alinieleza habari zake.

"Mimi ndiye Soweto East hunusa kabla haijaniona! Mimi nakaanga ngege mpaka paka anaomba kuokoka! Mimi ndiye nilizaa huyu, akalia siku ya kwanza mpaka nesi akatoka nje! Nimedanganya watu ati yeye ni fundi. Fundi gani? Huyu hawezi tengeneza hata tochi! Kazi yake ni kupiga nduru! Na hii nduru hakuokota kwa barabara. Hii nduru ni yangu!"

Ukumbi ulilipuka. Msichana wa Gatina alikuwa anaruka akiwa ameshika kichwa. Mimi nililia mbele ya watu wote, na sioni haya kusema.

Mwenyekiti alingoja kelele zipungue. "Sasa redio yangu nani alitengeneza?"

Mpiga ngoma akainua kijiti kimoja, taratibu, kama mwanafunzi. Mwenyekiti akatafuta kiti, akaketi. "Bado inakwaruza," akasema.

"Haya," mama akatuambia. "Endelea."

Nilijaribu kukumbuka tulikuwa tumefikia wapi. Mpiga ngoma akahesabu, ndugu wawili wakaingia, nami nikavuta pumzi nikapiga nduru ya mama yangu kwa nguvu zangu zote. Hatukumaliza hata ubeti. Mama hakuwa ameondoka pale mbele, na mkono wake ulikuwa juu tena.