Pikipiki Iliyolala na Pikipiki Iliyochoka

Mdogo wangu alipopata nafasi ya sekondari ya kutwa mjini Bukoba, watu wa kwetu Kashozi walikuja kunipongeza mimi, kana kwamba mtihani niliufanya mimi. Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, ili yeye apate wa kumlea. Nilifurahi mpaka wageni walipoondoka, nikamwona anavuka uwanja kwa fimbo. Homa ya utotoni ilimwachia mguu mmoja usiokua. Mtu mzima wa afya alitembea saa nyingi kufika mjini, na basi lilipita siku lilipotaka. Bila chombo cha kumfikisha kila asubuhi, nafasi ile ingepewa mwingine.

Nikauza kahawa yote na ng'ombe wa mwisho wa baba, nikaanza kutafuta pikipiki. Mpya hazikuonekana miaka ile ya ujamaa. Hata tairi ulihitaji kibali. Zilizokwisha kutumika nilizopata zilikuwa mbili. Moja ya katekista mstaafu, jirani yetu, ilikuwa na miaka kumi na mitatu na maili chache mno, kwa sababu macho yalimwishia mapema. Nyingine ya bwana shamba wa Muleba, miaka minne tu, lakini maili zake zilinitisha. Alikuwa amezunguka nayo vijijini hadi Ngenge, masika na kiangazi. Fundi niliyemuuliza pale Hamugembe alinijibu bila kuinua kichwa kwamba miaka ni ya kadi, maili ni za injini. Nikaenda kwa katekista nikiwa nimekwisha kuamua.

Mzee alinipa kahawa ya kutafuna, kisha akanipeleka kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Sikuiona pikipiki. Niliona kichuguu cha majani makavu ya migomba na nyasi, tabaka juu ya tabaka, kama tunavyofunika shina la mgomba lisikaukiwe. Kila kiangazi aliongeza mengine. Akapiga magoti, akayaondoa kwa kupapasa, na kisaa cha maili kikatokea kikiwa safi kama cha dukani.

Lakini chini ya majani mlikuwa na unyevu, ule ule tunaoutafuta shambani. Nikagusa bomba la moshi, kidole kikaingia ndani. Waya wa breki ulinikatikia mkononi.

"Imekaa vizuri, siyo?" aliuliza.

"Imetunzwa sana, waitu," nilimjibu kwa neno letu la heshima.

Akasema ndiyo maana alitaka iende kwa yule mtoto, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto huyo sala. Ningeweza kuaga kwa uongo wowote. Nikaushika mkono wake, nikauweka penye kutu. Aliipapasa kutu kwa muda mrefu.

"Nilidhani kila kitu kinataka kufunikwa," alisema.

Sikuweza kuondoka upesi. Tulirudi barazani tukatafuna kahawa nyingine, akaniuliza habari za migomba yangu, na mimi nikamsimulia hata ile isiyokuwa na habari.

Muleba nilikwenda na mdogo wangu, tukapakiwa kwenye lori la kahawa. Bwana shamba hakuisifu pikipiki yake.

"Nimeichosha, sikufichi. Lakini tangu niipate haijalala wiki nzima."

Akanionyesha alichobadilisha, cheni na pistoni, na kilichobaki kubadilishwa. Klachi ingeteleza mlimani, alisema, na ningejifunza kuibembeleza. Nilikuwa bado nazitazama zile maili mdogo wangu alipouliza kama inapanda mlima na watu wawili.

"Imepanda na mimi na gunia la miche."

"Mimi ni mwepesi kuliko gunia," alisema, "ila gunia haliulizi maswali."

Bwana shamba alicheka, akamuuliza ni mguu upi unaomsumbua. Akachukua kipande cha tyubu, akafunga kitanzi ubavuni mwa keria pana ya chuma aliyoitengeneza kwa ajili ya miche, mguu ule upate pa kutulia. Mdogo wangu akapanda, akakaa upande. Akakaa kama mtu aliyefika. Hapo niliacha kukitazama kisaa.

Siku ya kufungua shule pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikakubali. Mlimani niliibembeleza klachi kama nilivyofundishwa, mdogo wangu nyuma yangu akinionya kila nilipolikaribia shimo. Langoni wasichana wengine waligeuka kututazama. Nilitaka kushuka nimsindikize.

"Baki hapo hapo, kaka. Ikizimika mbele ya hawa utaniaibisha."

Nikabaki. Niliiacha injini ikinguruma mpaka alipopanda ngazi za darasa, moja moja, akaingia.